Unyevu au presha: mnachagua kigeu gani tegemezi kwa modeli ya maji ya mvua ardhini?

MsimbaziChini:
Salaam wakuu. Natengeneza modeli ya mvua ya masika inavyozama ardhini bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, upande wa Jangwani. Juu nimeweka mchanga, chini yake mfinyanzi, na maji ya ardhini hayako mbali. Mlinganyo ni ule wa Richards wa 1931, wa mwendo wa maji kwenye udongo usioshiba. Kabla ya yote programu inataka nitaje kigeu tegemezi, yaani kile inachokitafutia jibu kila mahali na kila wakati. Kifaa changu kinapima unyevu wa udongo, kwa hiyo moyo unanivuta huko, ila naona wengi wanatumia kimo cha presha, yaani presha ya maji iliyoandikwa kwa mita za maji. Nani ametumia vyote viwili?

KokotoaTaratibu:
Mkuu, kwa kazi hiyo achana na unyevu. Mchanga unapokutana na mfinyanzi, presha haikatiki, unyevu unakatika: kwa presha ileile mfinyanzi unashika maji mengi kuliko mchanga. Programu ya elementi, inayoigawa ardhi vipande vidogo, kwa kawaida inakipa kigeu thamani moja tu kwenye kila nodi (pale vipande vinapokutana), basi itaulazimisha unyevu ulingane juu na chini ya mpaka, na utapata mtiririko ambao haupo. Kubwa zaidi, udongo ukishashiba unyevu haupandi tena, wakati presha inaendelea kupanda. Masika ikikolea, bonde lile linashiba. Hapo kigeu chako hakina la kusema, na mgawo wa msambao (namba ya jinsi unyevu unavyosambaa haraka) unapanda bila kikomo.

Mchanga_Mkavu:
Kwa Jangwani nakubali, ila tusiuzike unyevu moja kwa moja. Ukiwa na bomba la maabara lenye mchanga mkavu wa aina moja usiofikia kushiba, unyevu unakokotoka haraka na maji hayapotei. Presha kwenye udongo mkavu sana inashuka hadi hasi mamia ya mita, na hatua za muda zinakuwa ndogo mno. Zipo programu zinazobadili kigeu kazini: pakavu kiwango cha kushiba, palipolowa presha. Kuiandika mwenyewe ni shughuli.

Bi_Hesabu:
Presha ndiyo, lakini angalia namna unavyoandika akiba ya maji, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Vitabu vinaigeuza kuwa uwezo wa udongo (unyevu unabadilika kiasi gani presha ikibadilika kidogo) mara badiliko la presha. Kwenye karatasi ni kitu kilekile. Kompyuta, hata hivyo, inakwenda kwa hatua, na mvua inapofika kwenye udongo mkavu uwezo huo unabadilika sana ndani ya hatua moja. Maji yanapotea na programu haikuonyeshi kosa lolote. Watafiti Celia na wenzake walilionyesha hili mwaka 1990, na dawa yao ni nyepesi: kigeu kibaki presha, akiba ihesabiwe kwa unyevu wenyewe, wa sasa kutoa wa hatua iliyopita. HYDRUS, programu ya maji kwenye udongo, inafanya hivyohivyo.

MsimbaziChini:
Asante sana dada. Na vipimo vyangu vya unyevu nitavilinganisha na nini?

Bi_Hesabu:
Unyevu unaupata kutoka kwenye presha kwa fomula ya van Genuchten ya 1980, kila udongo na vigezo vyake. Kwenye mpaka utapata thamani mbili, na ndivyo ardhi ilivyo. Kisha chukua maji yaliyoingia juu, toa yaliyotoka chini, ulinganishe na akiba iliyoongezeka. Visipolingana, usihangaike na grafu nyingine yoyote.

KisimaKigamboni:
Niongeze kwa wenye visima karibu na bahari. Huku kimo cha maji peke yake hakitoshi, kwa sababu maji ya bahari yana takriban kilo 1,025 kwa mita ya ujazo na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, 1,000. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya kila mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari kushikilia kama mita 40 chini yake. Ukitumia kimo cha kawaida, modeli inaweza kukuonyesha maji yametulia wakati chumvi inaingia. Mimi natumia presha na kiasi cha chumvi kama vigeu viwili. SEAWAT, programu ya maji ya ardhini yenye chumvi, yenyewe inatumia kimo kilichogeuzwa kuwa cha maji baridi. Vigeu vikiwa viwili, kila kimoja kipe kipimio chake cha makosa, yaani kosa dogo ambalo programu ikilifikia inaacha kukokotoa. Mita 10 za maji ni kama paskali 98,000, na chumvi ikiandikwa kwa sehemu ya uzito ni 0.035 tu. Kipimio kikiwa kimoja kwa vyote, programu itatosheka na presha na kuiacha chumvi na makosa yake.