Ukoo wa Chumbageni

*Jumamosi*

Baba Mdogo: Assalaam alaykum. Natoka kwa daktari wa meno. Lile gego nililong'oa mwaka juzi, anasema anaweza kunipandikizia jingine la kudumu.

Shangazi Mdogo: Waalaykum salaam. Kupandikiza kama muhogo? 😂

Baba Mdogo: Cheka tu. Wanatoboa taya, wanaingiza skrubu ya metali ya titani. Miezi 3 hadi 6 mfupa uishike, ndio wanavika jino juu.

Shangazi Mkubwa: Miezi sita! Mie haya yangu ya kuvua nilisubiri wiki mbili tu.

Shangazi Mdogo: Na kwenye arobaini ukayafunga kwenye leso, pilau ukala kwa ufizi.

Shangazi Mkubwa: Nyama ilikuwa ngumu, usinianze.

Kaka Dodoma: Shikamooni. Titani ndiyo siri yenyewe. Msweden mmoja, Brånemark, alikuwa akichunguza mifupa ya sungura miaka ya 1950, chombo chake cha titani kikagandana na mfupa, hakitoki. Mtu wa kwanza aliwekewa meno hayo 1965.

Shangazi Mdogo: Marahaba. Kumbe tunadaiwa na sungura.

Dada Nesi: Shikamooni. Baba Mdogo, umepigwa eksirei? Pengo likikaa, mfupa wa pale unapungua. Na umemwambia kuwa una sukari?

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Eksirei wiki ijayo. Hilo la sukari hatukufika.

Dada Nesi: 🤦🏾‍♀️ Sukari ikiwa juu kidonda kinachelewa, skrubu inaweza isishike, hela ikapotea. Sigara nayo ni vilevile.

Shangazi Mdogo: Sigara si aliacha? Kwa kauli yake.

Kaka Dodoma: Kwani daraja la meno hutaki?

Baba Mdogo: Lile wanasaga meno mawili ya jirani ili yabebe la kati. Mazima yangu siyatoi. Ila bei ya skrubu nilipoisikia nilikaa chini tena.

Kaka Dodoma: Nitachangia nusu. Kwanza sukari ishuke. Kesho pima kabla ya chai, tuma picha humu.

*Jumapili*

Baba Mdogo: 📷 Picha

Dada Nesi: 11.4?? Na hujala! Jana usiku ulikula nini?

Baba Mdogo: Visheti alivyoleta Shangazi yako Mdogo.

Shangazi Mdogo: Vilikuwa viwili tu!

Baba Mdogo: Viwili ulivyoniona nikila.