Mume wangu hapati usingizi tangu Goma ianguke. Nyie wenye ndugu vitani mnafuatiliaje habari?

Mama Neema wa Mbagala
Jumatatu, 17 Februari 2025

Ndugu zangu, habari za usiku. Ni saa 8 hii naandika, naye yuko sebuleni na simu. Taa kaizima, uso tu ndio unaoonekana kwa mwanga wa kioo. Saa 12 asubuhi anatakiwa awe Kigamboni kwa mteja.

Mume wangu ni mtu wa Goma, mashariki ya Kongo, mtaa wa Majengo. Alikuja Dar 2013, baada ya waasi wa M23 kuuteka mji mara ya kwanza, Novemba 2012. Safari ile walikaa siku 11 wakaondoka, na hesabu hiyo ndiyo aliyokuwa nayo kichwani mwaka huu. Mji ulipoanguka tarehe 27 Januari akaniambia, "Mama Neema, vumilia siku 11." Akawa anaweka alama kwenye kalenda ya jikoni. Siku ya 11 ikapita. Tarehe 8 marais wa jumuiya za Afrika Mashariki na Kusini mwa Afrika, EAC na SADC, wakakutana hapa hapa Dar, Ikulu, wakataka mapigano yasimame mara moja. Siku hiyo alinyoa ndevu, akavaa shati la Jumapili, akakaa mbele ya TV tangu asubuhi. Ijumaa iliyopita ukachukuliwa uwanja wa ndege wa Kavumu, ule wa mji wa Bukavu, na jana Bukavu yenyewe. Kalenda kaitoa ukutani.

Mama mkwe yuko kule pamoja na mashemeji zangu wawili na watoto wao. Siku za mwanzo umeme haukuwepo, maji hayakuwepo, mtandao wa kubahatisha. Kinachomtesa kuliko vyote ni tiki za WhatsApp. Anaandika "Mama, mko?" inakaa tiki moja. Anailaza simu mezani kioo juu, chakula kinapoa pembeni. Nimemshuhudia akiikodolea macho tiki moja dakika 40. Zikiwa mbili anashtuka kama mlango umegongwa. Halafu zinabaki mbili bila jibu, na hapo ndipo panapokuwa pabaya zaidi: simu imewaka, lakini nani kaishika?

Katikati ya kusubiri anaangalia video. Yuko kwenye magrupu 9 ya WhatsApp, bando la 2,000 linaisha kabla ya adhuhuri. Tarehe 30 mtu alirusha video kaandika "Majengo sasa hivi", miili imelala barabarani. Kaiangalia sijui mara ngapi, anaikuza, anatafuta geti la kwao. Yeye ni fundi friji. Mchana ule alikuwa kwenye bucha moja anajaza gesi, akili haikuwepo, kompresa ikaungua. Kamlipa mwenye bucha 180,000, na hiyo ilikuwa hela ya kodi.

Mwanetu Neema ana miaka 6. Juzi tunaoga kaniuliza, "Mama, watu 2,900 wanajaa madarasa mangapi?" Namba hiyo aliisikia kwa baba yake, aliisoma kwa sauti tukiwa mezani. Ni miili ambayo Umoja wa Mataifa ulisema imekusanywa Goma. Nilimmwagia maji kichwani ili asinione usoni.

Sitaki kuambiwa nimwambie azime simu. Mama yake mzazi yuko kule. Na kwangu mimi pia ni mama: nilipojifungua Neema alipanda mabasi kutoka Goma, akapitia Rwanda, akafika hapa miguu imevimba, akanitunza siku zote 40. Ninachouliza ni kwa mliopitia haya. Mnafanyaje mpate habari za watu wenu bila habari zenyewe kuwamaliza? Nawaomba msilete mjadala wa nani kamtuma nani. Nyuzi za hayo zipo nyingi.

---

Chui wa Tandale

Pole sana dada. Mimi hii vita nilikuwa naipita tu kwenye habari mpaka JWTZ walipotangaza askari wetu wawili wamefariki kule. Mmoja wa majirani zangu ana kijana kwenye kikosi, hatujui tumsalimie vipi siku hizi, "habari za kijana" imekuwa salamu nzito.

Kwa ushauri wangu, ikifika saa 4 usiku ichukue simu uifungie kabatini. Atakasirika siku mbili, ya tatu atalala.

---

Mama Neema wa Mbagala

Asante kaka. Nilijaribu Jumatano. Hakukasirika. Alikaa kitandani akinitazama mpaka saa 10 alfajiri, nikamrudishia mwenyewe.

---

Mzee wa Urambo

Mwanangu, usimnyang'anye. Ngoja nikusimulie ya kwetu.

Vita ya Kagera ilinikuta darasa la sita, Urambo. Kaka yetu mkubwa alichukuliwa kwenye mgambo mwisho wa 1978. Urambo na mto Kagera ni mbali, hatukusikia hata mlio mmoja. Vita yetu sisi ilikuwa ndani ya redio National ya baba, ile ya mbao, mama kaivalisha kitambaa cha kufuma. Betri zilikuwa adimu. Zikichoka tulizianika juu ya bati zipate nguvu kidogo.

Mama alitaka redio isizimwe kutwa. Baba akakataa kata kata. Utaratibu wake ulikuwa taarifa ya habari ya saa 2 usiku, basi. Ikikaribia saa 2 vyombo vimeshaoshwa, sisi watoto tuko mkekani, majirani wasio na redio wanaingia na vigoda vyao. Karabai inawashwa hata kama mafuta ya taa ni ya kuhesabu. Tunasikiliza wote, hakuna anayekohoa. Ikiisha baba anazima. Na hapo ndipo mama alipokuwa anaanza kumzungumza kaka: alivyoanguka kwenye mwembe wa shule, alivyokataa kula mlenda mpaka alipokwenda jando. Majirani nao wanaongeza yao. Tulikuwa tunacheka, mwanangu, katikati ya vita ile tulikuwa tunacheka. Mama akishamaliza kumtaja mwanawe ndipo usingizi unamjia.

Miaka yote nilijua baba alikuwa anabana betri. Mwaka mmoja kabla hajafa aliniambia kulikuwa na betri mpya nne kwenye sanduku lake la nguo. Alisema, "Mama yenu asingestahimili kuisikia kutwa."

Kampala ilipochukuliwa, 11 Aprili 1979, tuliisikia kwenye redio ile ile. Barua ya kaka ilikuja miezi baadaye, imekunjwa mara nne, haikusema lolote la vita, ilikuwa inauliza ng'ombe. Alirudi. Sasa ana wajukuu.

Kilichonichoma kwenye maelezo yako ni ile taa iliyozimwa. Mtu asifuatilie vita peke yake gizani. Iwasheni, ukae naye. Mchague saa moja ya habari, muisikilize pamoja, BBC au DW, ambako mtangazaji akisema mji umeangukia mkono wa nani kuna watu wamehakikisha kwanza. Baada ya hapo mzungumzeni mama.

---

Mutoto wa Birere

Jambo, mama Neema. Miye niko mutoto wa Goma, Birere, kutoka kwetu mpaka Majengo ni kwa miguu. Sasa naishi Ohio, nafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Nitajikaza kuandika Kiswahili cha kwenu. Huku ikiwa saa 8 ya usiku, Goma ni saa 3 ya asubuhi, ndiyo pozi (mapumziko) yangu ya kula, ndiyo saa naanza kutetemeka.

La kwanza, mambo ya simu. Siku tatu za kwanza watu 23 wa familia yetu, Kampala, Nairobi, Montréal, sisi wa huku, wote tulipigia mama. Kila mtu alitaka asikie sauti yake mwenyewe. Umeme hakuna, chaji imebaki kidogo, mama amelala chini ya kitanda na watoto, risasi zinapita, na simu inalia, inawaka, inalia. Dada yetu wa kule alipopata laini alitugombeza sana: "Munamaliza chaji ya mama, na munamuonyesha kwa watu!" Niliona haya mpaka leo. Tangu siku ile anapiga mtu mmoja, dada yetu wa Bujumbura, mara moja asubuhi. Akimpata, anaandika neno moja kwenye grupu: "Tuko." Asipompata anaandika "Bado". Sisi wengine hatupigi. Ni ngumu, lakini ile tiki unayosema, sasa anaiangalia mtu mmoja badala ya watu 23. Na mama anajua saa ya simu, anaiwasha saa hiyo, anaizima.

La pili, ile video ya tarehe 30. Naomba mume wako aangalie chini, kwenye udongo. Naijua, ilikuja na kwetu pia. Barabara yake ni nyekundu. Wapi Goma kuna udongo mwekundu? Goma imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji, tukajenga juu yake. Misingi ya nyumba ni mawe meusi, uzio ni mawe meusi, vumbi ikikukalia kwenye kiatu ni nyeusi. Mtu wa Majengo anajua hivi kuliko miye. Lakini woga unafunika macho. Miye nililia na video ile saa nzima, natafuta mama yangu kati ya wale watu, mpaka mutoto wa shangazi ananiandikia: "Kaka, tazama chini."

Wale waliolala pale ni watu kweli, wana mama zao, sijui ni wa wapi na Mungu awapokee. Lakini si Majengo.

La tatu, mama akipatikana msimuulize vita. Yeye anaishi ndani yake kutwa, mkimpigia ili awasimulie mnamrudisha. Muulize makala (mkaa) yamepanda bei gani, sombe (kisamvu) kapata wapi, jirani anaendeleaje. Mama yangu siku ya tano alinisimulia kuku wake aliyeatamia mayai kwenye sufuria wakati wa mabomu. Alikuwa na furaha! Kwa dakika mbili nilikuwa nyumbani.

Usingizi sijaupata hata miye.

---

Mwalimu wa Kasulu

Nafundisha darasa la pili. Huku kwetu tuko karibu na kambi ya Nyarugusu, watoto wa Kikongo tumeishi nao tangu miaka ya 90. Ninaongelea Neema tu.

Swali la madarasa mjibu. Mtoto akiuliza hesabu anataka kujua kama jambo lina mwisho. Mwambie ni watu wengi sana, zaidi ya shule yake yote, na kwamba bibi si mmoja wao. Usimwambie "si kitu", anamwona baba yake. Halafu mpe kazi. Mtoto asiye na kazi anahesabu maiti. Amrekodie bibi ujumbe wa sauti, wake mwenyewe, asaidiwe kubonyeza tu.

---

Mama Neema wa Mbagala
Alhamisi, 20 Februari 2025

Wapendwa, narudi kuwashukuru. Mzee wa Urambo shikamoo, nimesoma maelezo yako kwa sauti, baba Neema kanyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama kaka yenu alikuja kula mlenda.

Mutoto wa Birere, nilimpa simu asome mwenyewe uliyoandika. Akaifungua ile video. Akakaa nayo. Akasema, "Udongo mwekundu." Akairudia. "Wiki tatu naangalia, sikuona udongo." Akaweka mkono machoni na mabega yakaanza kucheza, nami nikatoka nimwache, maana nilijua analia kwa kupumua. Baadaye alijiondoa kwenye magrupu 7. Amebaki na la familia na la kanisa lao. Mpigaji wetu sasa ni shemeji wa Kampala, saa 1 asubuhi ya Goma, saa 2 ya kwetu. Jana aliandika "Bado" na siku ilikuwa ndefu sana, siwezi kusema uongo. Baba Neema alienda kazini hivyo hivyo, akarudi na msumari umemchoma kidole.

Cherehani nimeihamishia sebuleni. Nina sare za shule za kumalizia, kwa hiyo taa inawaka na yeye anakaa upande wa pili ananikatia nyuzi. Dira ya Dunia ya BBC tunaisikiliza pamoja. Ikiisha namuuliza habari za mama. Nimejua mambo ambayo kwa miaka minane ya ndoa sikuwa nayajua, kwamba aliuza maandazi stendi ili anunue redio ya mumewe, kwamba kuna wimbo anauimba akichambua maharage na hakubali mtu aingilie.

Leo shemeji kaandika "Tuko". Halafu jioni ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mkwe mwenyewe, jibu la Neema. Neema alikuwa amemrekodia kwamba jino la chini linacheza na kwamba anaweza kuandika "Goma" bila kuangalizia. Mama kajibu: "Neema yangu, tuko bazima. Ile jino usiivute na uzi, uache ianguke yenyewe. Ikianguka uniwekee." Nyuma yake kuna pikipiki inapita na mtoto anaitwa aje ndani. Sekunde 41 zote ni jino.

Baba Neema ameisikiliza mara nne. Sasa hivi kalala kwenye kochi na viatu. Simu iko kwangu, karibu na cherehani, nimeweka sauti juu.