Kunyooshewa Kiingereza kabla ya kukabidhi kazi: ni msaada au ni udanganyifu? Mjadala

Wadau habari za leo. Naomba tulijadili hili bila matusi maana limenikaa moyoni tangu wiki iliyopita.

Mi nina steshenari ndogo huku Nyegezi, Mwanza, nachapa, natoa fotokopi, naprinti, na huu mwaka wa sita kazi inayoniletea watu wengi sio kuchapa tena, ni kunyoosha ung'eng'e. Wanafunzi wa chuo wanashuka kutoka Malimbe na flashi zao, vijana wanakuja na barua za kuomba kazi kwenye viwanda vya samaki, saa nyingine wazee wa kikundi cha wavuvi wana andiko la kuomba ufadhili na mfadhili anataka Kiingereza tu. Sasa wiki iliyopita kuna kijana lekchara wake kamrudishia risechi, kamwambia hii kazi imeguswa, Kiingereza hiki sio chako, huu ni udanganyifu. Kijana kafika dukani machozi yanamlengalenga. Na mi ndo niliyeigusa. Nilichoweka ni nukta, mikato, na zile "s" za mwisho wa vitenzi alizokuwa anazisahau, hoja yake sikugusa hata moja.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kusaidiwa sarufi na alama za uandishi sio udanganyifu, ila anayekusaidia lazima akuonyeshe kabadilisha nini na kwa nini. Asipokuonyesha kakuchukulia hela yako na kakuacha pale pale alipokukuta.

Ngoja nitoe mfano wa barua moja. Dogo kaandika hivi: "My father he is a fisherman, I grew up in Ukerewe, I know fish very well, I can work any time." Mtu anaweza kusema huyu hajui kitu. Hapana jamani, huyu anajua Kiswahili na anakifuata vizuri tu. Sisi tukisema "baba anavua" kuna ile "a" mbele ya kitenzi inayomwakilisha baba, sasa kwenye Kiingereza anaitafutia mahali pa kukaa, ndo inatokea "he". Alafu ile mikato. Kwetu unasema nikafika, nikamkuta, nikaondoka, na hakuna atakayekulaumu kwasababu "ka" ndo inayoshika vitenzi vyote pamoja, mkato pale ni pumzi tu. Kiingereza hakina "ka". Hivi vipande vya dogo kila kimoja kina mtenda wake na kitenzi chake, ni sentensi inayosimama peke yake, na mkato mtupu hauna nguvu ya kushika sentensi mbili, utaweka nukta, au nukta mkato, au uweke mkato ufuatwe na neno kama "and" au "so". Nikamwambia kaka vuta kiti ukae hapa. Tukaiandika upya: "My father is a fisherman. I grew up in Ukerewe, so I know fish well, and I can work at any time." Ilituchukua kama dakika kumi. Aya iliyofuata kaisahihisha mwenyewe kwa penseli na mi nimesimama tu pembeni namwangalia. Huyo kadanganya nini?

Na ritifaa ndo usiseme. Hapa Kanda ya Ziwa ritifaa tunaijua toka utotoni, tuna ng'ombe, tuna ng'ambo ya ziwa, na majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'wana ni mengi tu. Lakini kwetu ile alama inabadilisha sauti, inakwambia hii ng' inatokea puani, basi. Kwenye Kiingereza inafanya kazi nyingine kabisa, inaonyesha umiliki au inaonyesha kuna herufi imeachwa. Ndo maana "its" na "it's" zinasumbua kila mtu, "it's" ni "it is" iliyofupishwa, "its" ni "yake" na haina ritifaa ingawa ni umiliki. Hakuna namna mtoto ataligundua hilo peke yake bila mtu kumkalisha chini amwambie.

Kuna wanaosema mkato ni kitu kidogo, lekchara asihangaike nao na sisi tusihangaike nao. Nao siwaungi mkono. Marekani, jimbo la Maine, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walidai malipo ya ovataimu, na kesi ikaja kukaa kwenye mkato mmoja ambao haukuwepo kwenye sheria. Sheria ilikuwa inaorodhesha kazi zisizolipwa ovataimu, mwishoni imeandikwa "packing for shipment or distribution", bila mkato baada ya "shipment", sasa je ni kufungasha peke yake, kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, au kusambaza ni kazi nyingine inayojitegemea? Madereva wanasambaza, hawafungashi. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaona sheria haieleweki ikaamua upande wa madereva, na 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Kwa hiyo kumfundisha mtu pa kuweka mkato ni kumpa kitu cha maana.

Kuhusu programu za simu na kompyuta zinazosahihisha zenyewe, sizipingi, natumia pia, ila zinataka jicho la mtu. Dada mmoja kaandika risechi ya wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba, kaileta kuprinti, napitia nakuta "dagaa" imegeuzwa "dagger" sehemu tatu, yaani kisu. Mashine haijui dagaa ni nini na haiulizi, na yeye kachoka, kaisoma haraka, hajaona. Angekabidhi vile vile.

NAONGEZA: nimesoma majibu yenu, asanteni. Mmoja anasema mtu akifika chuo hajui Kiingereza basi hakustahili kufika. Ndugu yangu, huyu mtoto kasoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, kaingia fomu wani anaambiwa baiolojia, jiografia, historia, vyote Kiingereza, darasa limejaa na daftari lake mwalimu halipitii sentensi kwa sentensi. Sera ya elimu ya 2014 iliandika Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote, ila sekondari tumebaki na Kiingereza. Aliyesoma shule ya ada kubwa baba yake anamsahihishia mezani usiku na hakuna anayemwita mdanganyifu. Wa kwangu analipa mia tano kwa ukurasa, hela ya nauli, ndo anaitwa mwizi.

Mwingine kauliza mpaka uko wapi kati ya kunyoosha na kumwandikia mtu. Hili ni swali la haki kabisa na nakiri wapo wenzangu wa steshenari wanaoandika risechi nzima kwa hela, hao siwatetei hata kidogo, wanatuharibia. Lakini Uingereza kwenyewe wenye lugha yao, vipo vyuo vimeandika kanuni msahihishaji aguse nini na asiguse nini: alama, tahajia, sarufi sawa, hoja na mpangilio hapana. Kwanini vyuo vyetu visiandike ukurasa mmoja kama huo, mwanafunzi akajua, lekchara akajua, na mi hapa dukani nikaubandika ukutani?

Yule kijana anarudi kwa lekchara Alhamisi. Nimemtafutia ile nakala ya kwanza niliyopiga kalamu nyekundu, kila mkato unaonekana, na aya zake zote zipo vile vile alivyoziandika. Kaniomba niende naye. Mi niko tayari kufunga duka asubuhi hiyo, ila naogopa lekchara akiniona ndo atasema si unaona, kaja na mwandishi wake. Mliowahi kupita humo, na hasa mnaofundisha, nishaurini, niende au nimpe karatasi aende peke yake?