Pasaka nipo home siku nne, nataka kukusanya ndugu tupige gemu za zamani, naombeni maujanja

kijana_wa_igogo

Wakuu habari za muda huu. Mwaka huu kazini tumeachiwa kuanzia Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu ya Pasaka, na kwa hizi mvua za masika sina mpango wa kwenda kuloana popote. Binamu zangu wanakuja hapa Mwanza kutoka Sengerema, siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa ni kuvuka tu hakuna tena kupanga foleni ya pantoni, na bro wangu mkubwa anatokea Geita na watoto wake. Nikasema badala ya kila mtu kujikunja kona yake na simu, tupige gemu za zamani kama enzi zile za vibanda, unatumwa mkate unarudi saa moja baadaye bila mkate.

Nilichonacho ni PS2 (PlayStation 2) slimu, pedi mbili ila moja kijiti chake cha analogi cha kushoto kinajivuta chenyewe, sidii zipo nyingi ila mikwaruzo nayo ni mingi, na TV flati inchi 32. Pia kuna mashine ya gemu za kaseti ya mjomba ipo darini sijaigusa, nadhani inawaka.

Sasa shida ni kwamba watu ni mchanganyiko, bro kashavuka arobaini, mtoto wake mdogo yupo darasa la pili, mama naye atakuwepo, na nawajua hawa, ukiweka gemu la mpira la Winning Eleven tu wawili wanashika pedi toka asubuhi wengine kazi yao kuangalia migongo. Niweke gemu gani ili kila mtu aguse? Halafu PS2 nikiichomeka kwenye hiyo flati sauti ipo ila picha inakuja nyeusi na nyeupe, rangi hamna kabisa. Nawasilisha.

fundi_makoroboi

Mkuu anza na TV, mengine baadaye. Geuza hiyo flati uangalie nyuma, nyingi hazina tundu la njano la peke yake, wameliunganisha na la kijani, utaona limeandikwa Y halafu pembeni Video. Waya wako wa njano unaingia hapo kwenye kijani usiogope. Mweupe na mwekundu ni sauti, na hapa ndipo watu wanapopigwa, matundu mekundu yanakuwa mawili, moja la picha moja la sauti, wewe unataka lile lililokaa jirani na jeupe. Ukimaliza bonyeza Source kwenye rimoti uchague AV. Nina uhakika wewe umechagua Component, hapo TV inasubiri rangi zije kwa waya nyingine mbili ambazo hujachomeka, kwa hiyo inakupa weusi na weupe tu. Kama upo kwenye AV na bado haina rangi basi sidii ni ya NTSC na TV imekazwa PAL, hiyo ni mifumo tofauti ya rangi, ingia menyu ya picha, mfumo wa rangi weka Auto.

Ukishapata rangi tafuta modi ya picha inayoitwa Game. Flati inachakata picha kwanza kabla ya kuionyesha, kwa hiyo unabonyeza shuti leo mchezaji anapiga kesho, watu wanaanza kusingizia pedi. Na saizi weka 4:3, ukiiacha ijaze kioo chote wachezaji wote wanakuwa na vitambi.

Sidii futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Zikigoma kabisa kuna njia ya kuweka programu ya Free McBoot kwenye memori kadi ukasomea gemu zako kwenye fleshi, ila angalia karatasi iliyobandikwa chini ya mashine, kama ni SCPH-90000 nyingi za mwishomwisho hazikubali. Na tundu la USB la PS2 ni la zamani, linasoma pole pole, zile video za katikati ya gemu zitakuwa zinakwama kwama, mechi yenyewe inacheza vizuri.

mzee_wa_chogo

Mimi nitakuambia tofauti. Hiyo mashine ya kaseti iliyoko darini ndiyo sherehe yenyewe, PS2 iwe ya usiku watoto wakilala. Tafuta TV ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mkubwa. Usiniambie hazipo, zimejaa kwa watu zimefunikwa vitambaa juu kuna maua ya plastiki, tembea soko la Mlango Mmoja au ulizia majirani tu wengine wanakupa bure ili uwapunguzie nafasi. Shida yako wewe upo Igogo, kulipandisha chogo la inchi 21 kwenye yale mawe ni kazi ya wanaume wawili na wa tatu wa kutoa maelekezo, mmoja anashika mbele anarudi kinyumenyume kwenye vile vingazi vya mawe mwenzie anamwambia kulia kulia kulia, na kioo kikae upande wa tumbo lako siyo kwa nje. Ila likishafika umemaliza.

Kwa nini chogo: kama mashine ina ile bunduki, gemu la kuwinda bata la Duck Hunt haliwezi kucheza kwenye flati, wengi wanadhani bunduki imekufa wanaitupa. Ukivuta triga kioo kinageuka cheusi kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata kinatokea kisanduku cheupe. Bunduki haitoi kitu chochote, yenyewe ina kijicho cha kusoma mwanga, kikikiona kile kisanduku umempata, kisipokiona umekosa. Flati inachelewesha picha na haichori kioo kwa mtindo wa chogo, kwa hiyo kijicho kinaangalia giza tu. Na kuna kitu watu wengi wamecheza hilo gemu tangu wadogo hawakijui, ukiwa kwenye ile ya bata mmoja mmoja, mwenye pedi ya pili anaweza kumwendesha bata. Mpe mtoto wa darasa la pili pedi, mpe baba yake bunduki, kaa pembeni.

Contra nayo muwe wawili. Kodi ya siri kwenye pedi ni juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, kabla ya Start gonga Select kama mpo wawili, mnapata maisha 30 kila mtu. Msione aibu kuitumia, aliyeianzisha ni Hashimoto wa Konami, aliiweka kwenye gemu la Gradius la 1986 kwa sababu wakati wa kulijaribu gemu lilimshinda.

Kaseti isiposoma msipulize. Najua wote tulipuliza, ila yale ni mate yanaingia kwenye vyuma vinapata kutu. Chukua pamba ya masikioni na spiriti ya duka la dawa, sugua vile vidole vya kaseti, subiri ikauke.

DogoWaNyegezi

Wazee mnateseka bure. Laptop moja, waya wa HDMI, programu ya RetroArch inayoiga mashine za zamani, pedi mbili za USB, mnacheza Mario, Contra, Tekken na kila kitu bila kubeba machogo mlimani. Au weka PPSSPP, ile ya gemu za PSP, kwenye simu. Karne hii mtu unasugua kaseti na spiriti?

mzee_wa_chogo

Dogo hayo mambo mazuri ukiwa peke yako. Kwenye laptop kuna gemu elfu, watu watakaa nusu saa wanachagua, mkianza moja baada ya dakika tano mtu anasema badilisha. Kaseti ikishaingia imeingia.

mama_wawili_pasiansi

Mdogo wangu nimesoma swali lako mpaka mwisho, bro yupo, binamu wapo, mama umemtaja kwenye kundi la matatizo. Dada zako na mawifi wako watakuwa wapi hizo siku zote, jikoni si ndiyo? Pasaka kwetu walishawahi kufanya hivyo, wanaume sebuleni na pedi, sisi tunapeleka sahani na kurudisha sahani, na harufu ya sato ikitoka tu ndiyo wanakumbuka kuna watu ndani ya nyumba. Tulichofanya baadaye ni kwamba anayefungwa anaachia pedi na anahamia jikoni, awe nani. Kumenya vitunguu, kuparua samaki, kusonga ugali kama anaweza. Shemeji yangu mmoja alikuwa mbovu wa gemu, mpaka jioni kaparua sangara wote na akazoea.

Gemu weka zenye zamu fupi. Gemu la ngumi la Tekken 3 raundi ni dakika moja mtu katoka, na ile sidii ya PS1 inasoma kwenye PS2 yako. Watoto wape mpiganaji anayeitwa Eddy, unabonyeza mateke ovyo ovyo tu anazunguka kama pia na mtu mzima anapigwa hajui kimetokea nini, hapo ndipo watoto wanapopenda gemu. Kuna na Tekken Ball humo ndani, mnapigiana mpira ufukweni, hata mama akitaka anaweza kucheza hiyo kwa sababu hakuna kupigana mkono kwa mkono, ila lazima uifungue kwanza kwa kucheza Arcade, ile ya kupambana na mashine yenyewe, kwa hiyo ifanye wiki hii kabla hawajaja. Na tafuta memori kadi ya PS1, ile ya PS2 haitunzi gemu za PS1 moja kwa moja, ukizima asubuhi unaanza upya.

Bibi mkubwa usimlazimishe pedi. Mpe kazi ya refa, akisema fulani kaiba kaiba.

kijana_wa_igogo

Daah dada umenishika pabaya, nimekuelewa, sheria ya vitunguu imepita. Fundi rangi imekuja, ilikuwa Component kweli. Mashine ya kaseti nimeishusha darini, inawaka, taa nyekundu ipo, bunduki ipo ila waya umetafunwa na panya karibu na plagi. Chogo nimepata kwa jirani hapa hapa juu kwetu kwa hiyo sibebi mbali. Swali lililobaki ni umeme, mvua ikianza huku unajua wenyewe, na watu wakishanogewa ukikatika itakuwa msiba.

jirani_na_ziwa

Kwa umeme PS2 slimu haina shida, soma kwenye adapta yake imeandikwa volti 8.5 ampia 5.65, haizidi wati 50. Jumlisha na hiyo flati, soma nyuma imeandikwa inakula wati ngapi, mara nyingi inveta ndogo na betri nzima ya gari inawapa saa kadhaa. Chogo ndilo linakula zaidi, kwa hiyo umeme ukiwepo cheza kaseti, ukikatika hamia flati. Radi zikianza kupiga chomoa kila kitu ukutani na waya wa antena pia, usisubiri goli la ushindi. Na umeme ukirudi acha kwanza utulie kabla ya kuchomeka. Kingine, memori kadi ikiwa inaandika ukakatika umeme faili linaharibika, kwa hiyo tunza mapema mapema.

Waya wa bunduki usitupe, hizo ni nyuzi chache tu ndani, mtu mwenye chuma cha kuchomelea risasi (soldering iron) na mkono uliotulia anaunga rangi kwa rangi. Halafu usiku kama madirisha yanatazama ziwani funga mapema uzime taa ya nje, wale wadudu wadogo wakifuata mwanga wa TV hamtaona mpira uko wapi.

DogoWaNyegezi

Sawa mmeshinda, ila kwenye gemu la mpira la PES 6 hakuna kuchukua Inter. Adriano shuti 99, mtu anapigia katikati ya uwanja anageuka kukuangalia usoni.

fundi_makoroboi

Ukimfungia Adriano mfungie na Roberto Carlos. Na Henry.

DogoWaNyegezi

Henry haguswi.

mama_wawili_pasiansi

Andikeni timu kwenye vikaratasi, weka kwenye sufuria, mtu anachota bila kuangalia, ukitoka na timu mbovu ni yako mpaka ufungwe. Na sufuria irudi jikoni, nina kazi nayo.