Mrejesho: yule wa Lamu aliyeuliza kuhusu chuo cha uanahabari

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niliuliza nichague vipi chuo cha uanahabari chenye mazoezi, si nadharia tupu. Mkanambia kabla ya kulipa karo nikaione studio kwa macho yangu. Nilizuru viwili Mombasa. Cha kwanza kamera zimefungiwa kabatini, na ufunguo kaondoka nao mwalimu! Nikaingia cha pili. Wiki ya tatu nasoma taarifa kwenye redio ya chuo.

Kuomba mazoezi redio za kwetu Lamu kumegonga mwamba, sijajibiwa hadi leo. Likizoni nikawarekodi mafundi wa majahazi kijijini Matondoni, huku Lamu, kwa simu. Aliyesema niivishe maikrofoni soksi, Mungu akubariki: upepo wa kusi haukusikika kabisa. Nyundo za mafundi ndizo zilizomeza sauti ya mzee niliyemrekodi. Nitarudi wakati wamepumzika. Ahsanteni sana.