HD DVD ilishindwa kihalali na Blu-ray, au mechi ilinunuliwa?

Deki Mbovu
Wakuu, kuna jamaa ananiambia HD DVD, ile diski ya filamu za picha kali ya Toshiba iliyoshindana na Blu-ray ya Sony na wenzake, ilikufa kwa sababu ilikuwa mbovu. Nimecheka sana. Aprili 2006 Toshiba wameingiza deki Marekani kwa dola 499. Blu-ray ya kwanza kule, ya Samsung, imekuja Juni kwa karibu dola 1,000. Deki zote za HD DVD toka mwanzo zilikuwa na tundu la waya wa intaneti, na diski zake hazikubagua nchi. Blu-ray za mwanzo hata picha ndani ya picha zilikuwa haziwezi. Halafu tarehe 4 Januari 2008, maonyesho ya vifaa vya elektroniki ya Las Vegas yako mlangoni, studio ya filamu ya Warner wanatangaza wanahamia Blu-ray peke yake. Kambi ya HD DVD ikafuta mkutano wake na waandishi. Tarehe 19 Februari Toshiba wamefunga biashara. Huko ni kushindwa mezani, siyo uwanjani. Wanaoshangilia mpaka leo ni watoto wa gemu ambao hata hawakujua wamenunua deki ya filamu. Hoja kwa hoja, karibuni.

Pedi ya Kushoto
Watoto wa gemu? PS3, mashine ya gemu ya Sony, nimeinunua kwa mshahara wangu, na filamu ndiyo iliyonifanya niichukue. Ilitoka Novemba 2006 kwa dola 499 na 599, deki ya Blu-ray ikiwa ndani. Hao Xbox 360 wenu, mashine ya gemu ya Microsoft, walikuwa na DVD ya kawaida, ukitaka HD DVD unaongeza kiboksi cha pembeni, dola 199 nyingine. Mtoto ni nani hapo?

Bibie wa Muscat
Jamani, mnarushiana utoto wakati swali lipo. Agosti 2007 studio za Paramount na DreamWorks Animation zilihamia HD DVD peke yake, na magazeti ya Marekani yakaandika kwamba kulikuwa na kama dola milioni 150 za kuwavutia. Kama kuna mechi ilinunuliwa, ile aliinunua nani? Sony naye alishaumizwa na Betamax, kanda yake ya video iliyokuwa bora kuliko kanda ya VHS ya JVC na bado ikafa, kwa hiyo safari hii alijipanga na studio mapema.

Mzee wa Kanda
Dada yangu, hapo kwenye Betamax bora umenigusa pabaya. Bora kwa nani? Kanda ya Beta ya 1975 ilirekodi saa moja. JVC wakaja 1976 na VHS ya saa mbili. Sasa niambie filamu ya Kihindi ya saa tatu unaiweka wapi kwenye Beta ile. Watu wanasoma kwamba picha yake ilikuwa kali, basi wanakariri.

kipanga_07
Mzee Beta ilikuwa kali kweli, ndiyo maana vituo vya televisheni viliitumia. Ila Sony wenyewe waliiacha miaka ya 80, mjadala wa nini?

Mzee wa Kanda
Kijana, ya vituo vya televisheni ni Betacam, kitu kingine kabisa. Na Sony walichofanya mwaka 1988 ni kuanza kuuza VHS. Deki za Betamax wamezitengeneza mpaka 2002, kanda zake mpaka Machi 2016. Ulikuwa umezaliwa?

kipanga_07
Nimezaliwa na ninalipa kodi, umri wangu hauhusiani na kanda zako zenye ukungu.

Fundi Leza
Naomba nirudishe uzi kwenye diski. Zote mbili zinatumia leza ileile, yenye mawimbi ya nanomita 405. DVD ilikuwa 650, CD 780. Tofauti iko kwenye lenzi na kina. Blu-ray lenzi yake ni ya 0.85 (namba ikiwa kubwa, lenzi inabana leza kwenye nukta ndogo zaidi) na data imelala milimita 0.1 tu chini ya uso. HD DVD lenzi ni 0.65 na data iko milimita 0.6 chini, kama DVD, ndiyo maana viwanda vya DVD viliweza kurekebishwa kidogo tu vikaizalisha. Lakini nukta zake za data ni kubwa zaidi: GB 15 kwa tabaka, mwenzake 25. Tabaka mbili, 30 kwa 50. Woga kwa Blu-ray ulikuwa mikwaruzo, maana data yake iko juujuu. Diski za Blu-ray za Japani za 2003 ziliuzwa ndani ya kasha, mpaka kampuni ya TDK walipoleta utando mgumu. Kwa hiyo Toshiba walikuwa na hoja ya gharama, Sony hoja ya nafasi. Huku kwetu wala hamkuhusika, wengi mlikuwa na TV za chogo.

Dada wa Gerezani
Chogo zimekukosea nini fundi? Kwenye hiyo chogo tumeangalia filamu nyumba nzima na majirani dirishani, diski moja imejaa filamu lundo. Wewe na GB 50 zako uliangalia na nani?

Fundi Leza
Sijamtukana mtu. Chogo haionyeshi mistari 1080, nimesema hivyo tu.

Dada wa Gerezani
Umesema "hamkuhusika". Tumehusika vizuri. Diski zinagawiwa kwa kanda za nchi, ya ukanda mwingine deki yako haiisomi. Kwenye DVD walituweka ukanda wa 5 pamoja na India na Urusi. Kwenye Blu-ray wakatuweka B na Uingereza. Ndugu yetu akaja na katuni za watoto kutoka Marekani, ukanda A, deki ikagoma. Watoto wanalia, mgeni anaona haya.

Deki Mbovu
Asante! HD DVD haikuwa na ukanda kabisa. Hilo nimelisema toka mwanzo.

Pedi ya Kushoto
Haikuwa na ukanda, na haikuwa na filamu. Novemba 2007 maduka ya Walmart ya Marekani yaliuza deki ya Toshiba chini ya dola 100, watu wakapanga foleni. Februari 15 Walmart haohao wakatangaza wanabaki na Blu-ray tu. Toshiba mwenyewe 2009 kajiunga na Blu-ray. Wewe unabaki msibani kufanya nini?

Bibie wa Muscat
Mleta uzi, bado nangoja jibu la milioni 150.

Deki Mbovu
Hizo ni habari za magazeti, dada.

Bibie wa Muscat
Na ya Warner ulikuwa umekaa nao mezani?

Mpiga Picha Tanga
Samahani nawakatiza. Mimi kazi za harusi huwa nachoma kwenye Blu-ray tupu za GB 25. Nasikia Sony wameacha kuzitengeneza Februari 2025. Sasa nifanyeje?

Fundi Leza
Ni kweli, ila zipo za Verbatim. Angalia kasha, zilizoandikwa LTH ziache, zina rangi ya kikaboni na hazidumu sana. Na usitegemee diski pekee, weka nakala nyingine kwenye hard disk ya nje.

Dada wa Gerezani
Fundi, kumbe ukiulizwa vizuri unajibu bila dharau.

Deki Mbovu
Wakuu, uzi wangu umegeuka wa harusi.

Pedi ya Kushoto
Ungeuanzisha Februari 2008, tungekuja na rambirambi.