Tupeane uzoefu: Nora Aunor mlimfahamia wapi?

Ndugu zangu, tangu Nora Aunor alipofariki dunia tarehe 16 Aprili 2025, akiwa na umri wa miaka 71, nimetamani kujua wenzangu mlimfahamia wapi mwigizaji huyu wa Ufilipino. Natangulia mimi. Nilipokuwa mfanyakazi wa ndani Muscat nililala chumba kimoja na dada Mfilipino, ambaye usiku, vyombo vikishaoshwa, aliegemeza simu yake kwenye kopo la maziwa tukatazama filamu. Mojawapo ilikuwa ile ya 1995 inayomhusu Flor Contemplacion, mtumishi wa ndani aliyenyongwa Singapore Machi mwaka huohuo, nayo ndiyo iliyompatia Nora tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Cairo. Kitagalog sikukijua hata neno, lakini macho yake yalinitosha. Mwenzangu alimwita «Ate», yaani dada, utadhani wamenyonya ziwa moja.

Mchangiaji wa Arusha:
Mwaka 2011 nilimpeleka mama Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya yule mchungaji aliyesemekana kuponya, tukalala garini siku tatu foleni haisogei, huku chupa ya maji ikiuzwa ghali kuliko kikombe chenyewe, ambacho kilikuwa shilingi 500. Miaka mingi baadaye niliiona Himala, filamu ya Ishmael Bernal ya 1982, ambamo Nora ni Elsa, msichana wa kijiji chenye ukame anayesema ametokewa na Bikira Maria, na wagonjwa wanafurika kwake pamoja na wachuuzi wao. Nilisimamisha filamu nikampigia mama simu. Baadaye nikasoma kwamba Nora mwenyewe, utotoni, aliwauzia maji abiria wa treni pale Iriga, kabla ya kushinda shindano la kuimba la Tawag ng Tanghalan mwaka 1967, na nikaelewa kwa nini umati ule haukumbabaisha.

Mchangiaji wa Nairobi:
Naongeza dogo tu. Alikuwa mfupi na mweusi kiasi, wakati sinema za kwao zikipenda nyota weupe wenye damu ya Kizungu. Heshima ya Msanii wa Taifa alinyimwa mwaka 2014, akaipata 2022. Kwa maoni yangu walichelewa mno.

Mchangiaji wa Pemba:
Mimi ni mkunga, kwa hiyo nitazungumzia filamu ya Thy Womb ya 2012 tu. Nora ni Shaleha, mkunga Mwislamu wa Tawi-Tawi, visiwa vya kusini mwa Ufilipino, kwenye nyumba zilizosimama juu ya nguzo baharini, ambaye hakujaliwa mtoto na anazunguka visiwani kumposea mumewe mke wa pili. Wanawake wa aina hiyo ninao mtaani kwangu. Mwishoni ni yeye anayemzalisha mke mwenzake, na nilipomwona akimpokea mtoto yule, nilijikuta nimekunja vidole vyangu mwenyewe kama nipo kazini.